Nywele Zisipoota Tena: Somo la Afya na Imani

Masomo ya kusoma nyumbani: Walawi 13:29-44, Mathayo 10:29-31, Marko 1:40-42



Somo letu safari hii linahusu kichwa. Si kichwa kwa maana ya kiongozi, bali kichwa chenyewe na nywele zake. Huenda msomaji akauliza, jambo hili lina uhusiano gani na gazeti la kanisa? Lina uhusiano mkubwa. Maji ya Ubatizo humiminwa kichwani. Askofu huweka mikono kichwani siku ya Kipaimara. Kasisi anapomtembelea mgonjwa, humwekea mkono kichwani na kumwombea. Kwa hiyo mtu mwenye kidonda au kovu kichwani huona haya mahali pale pale ambapo angetazamia kupata neema.

Alikuwako mama mmoja; jina lake si la lazima. Alihudhuria mafundisho ya Kipaimara tangu mwanzo hata mwisho, akajua Imani ya Mitume na Amri Kumi vizuri kuliko vijana waliokuwa pamoja naye darasani. Siku Askofu alipokuja, mama huyo hakuonekana. Wengine walisema amerudi nyuma. Wengine walisema ana lake jambo. Ukweli ni kwamba kwa muda wa miaka miwili utosi wake ulikuwa na vipele vya usaha, na katikati ya vipele hivyo palikuwa na mahali palaini pasipo na unywele hata mmoja. Aliambiwa kwamba siku ile atavua kilemba na kuvaa kitambaa chepesi cheupe. Akaogopa kwamba mikono ya Askofu itagusa usaha. Basi akabaki nyumbani, akafunga mlango.

Tutarudi kwa mama huyo mwishoni. Kwanza tujifunze ugonjwa wake.

1. UNYWELE HUOTAJE

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele hutoka katika kinyweleo, yaani kishimo chembamba kilichozama ndani ya ngozi. Sehemu tunayoiona haina uhai, ndiyo maana kinyozi anapoikata hatusikii maumivu; sehemu iliyo hai iko chini. Unywele mmoja hukua kwa muda wa miaka 2 hata 6, karibu sentimita moja kwa mwezi. Kisha hupumzika, huanguka, na mwingine huota mahali pake. Kwa hiyo mtu akipoteza nywele 50 hata 100 kwa siku, huo si ugonjwa.

Katika ubavu wa kinyweleo zimo chembe hai ambazo kazi yake ni kuotesha unywele mpya. Zifananishe na shina la mgomba lililo ardhini. Ukikata mgomba, chipukizi litatoka. Upepo ukiuangusha, chipukizi litatoka. Lakini moto ukiliunguza shina lenyewe mpaka chini, utangoja bure.

Hapa pana tofauti kubwa ambayo kila msomaji aishike. Uko upara ambao nywele zimeanguka lakini shina lipo; huo waweza kupona na nywele zikarudi. Na uko upara ambao shina limeharibiwa na mahali pake pameota kovu. Hapo nywele hazirudi tena. Ugonjwa wa mama yule ni wa aina hii ya pili.

2. UGONJWA WENYEWE

Madaktari huuita folikulitisi dekalvansi, maana yake uvimbe wa vinyweleo unaoleta upara. Daktari Mfaransa, Charles-Eugène Quinquaud, aliueleza mwaka 1888. Ni ugonjwa adimu. Huwapata watu wazima, wanaume kwa wanawake, na ni nadra kuwapata watoto.

Huanza mara nyingi utosini au upande wa nyuma wa kichwa. Vipele vyekundu hutokea kuzunguka nywele, kisha hujaa usaha, hupasuka, hukauka na kuacha vigaga. Mgonjwa husikia kuwashwa, kuchomwa au maumivu, na asubuhi huweza kukuta alama za damu au usaha kwenye mto. Vipele vya kwanza hupoa na kuacha kovu laini. Vipya huzuka pembeni. Hivyo upara hutanuka kutoka katikati kwenda nje, kama moto wa nyika unaoteketeza ukingoni na kuacha uwanda mtupu nyuma yake.

Iko dalili moja ya kutambua kwa macho. Ukingoni mwa upara utaona nywele nyingi, pengine sita, kumi au zaidi, zikitoka pamoja katika tundu moja, kama nywele za mwanasesere au za mswaki. Hii ni kwa sababu kovu limevivuta vinyweleo vya jirani vikaungana.

Chanzo chake ni nini? Katika usaha huo mara nyingi huonekana bakteria waitwao stafilokokasi. Lakini bakteria hao huishi katika ngozi na pua za watu wengi wasioumwa chochote. Madaktari huona kwamba kwa mgonjwa huyu kinga ya mwili hupigana nao kupita kiasi, na katika vita hivyo vinyweleo ndivyo vinavyoangamia. Kwa hiyo ugonjwa huu hauambukizi. Kugusa kichwa cha mgonjwa, kuketi naye benchi moja au kushiriki naye kikombe cha Ushirika Mtakatifu hakumpi mtu ugonjwa huu. Wala hauletwi na uchafu, laana au uchawi. Wala si alama ya UKIMWI, kama wengine wanavyowahi kusema.

3. SI KILA UPARA NI HUU

Yafaa tujue magonjwa mengine ya kichwa yanayofanana na huu, maana dawa zake ni mbalimbali, na dawa isiyo yake humpotezea mgonjwa muda.

(a) Mapunye. Huletwa na kuvu, huwapata hasa watoto wa umri wa shule, nayo huambukiza. Nywele hukatika karibu na ngozi na kuacha mabaka yenye magamba. Hutibiwa kwa vidonge vya kumeza kwa majuma kadhaa, maana dawa ya kupaka peke yake haifiki ndani ya unywele. Nywele kwa kawaida hurudi. Lakini mapunye yakivimba na kutoa usaha mwingi, yaweza kuacha kovu, hivyo mtoto asicheleweshwe.

(b) Mabaka ya duara yasiyo na kidonda. Nywele huanguka ghafula, ngozi hubaki laini bila vipele. Hapa shina halikufa, na kwa wengi nywele zaweza kurudi.

(c) Upara wa kuvutwa. Huonekana kwenye paji la uso na kando ya masikio, kwa sababu ya kusuka kwa kukaza au kuongeza nywele nzito. Ukiacha mapema, nywele zitaota. Ukiendelea kwa miaka, kovu litaingia. Akina mama, msiwasuke watoto mpaka walie. Kilio chao kinawaambia jambo.

(d) Upara wa utosi wa akina mama. Huu si adimu kwetu kama ule wa usaha. Huwapata hasa wanawake wenye asili ya Afrika. Huanza utosini na kupanuka polepole, mara nyingi bila usaha. Mwingine huwashwa kidogo, na mwingine hasikii kitu. Huu nao huacha kovu.

Historia ya ugonjwa huu wa mwisho ina funzo kwetu. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliupa jina la upara wa chanuo la moto, wakiamini kwamba wanawake wamejiletea wenyewe kwa kunyoosha nywele. Lakini walikuwako wagonjwa ambao hawakutumia chanuo hilo kamwe. Mwaka 2019 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa kwa wanawake wenye asili ya Afrika, na karibu robo yao walionekana kuwa na hitilafu ya kurithi katika mojawapo ya vitu vinavyojenga unywele. Kutunza nywele kwa upole bado ni jambo jema, kwa maana kuzivuta na kuziunguza huongeza madhara. Lakini tuone jinsi mgonjwa alivyolaumiwa kwa miaka mingi kabla ya kuchunguzwa vizuri. Ikiwa wataalamu waliharakisha kulaumu, sisi tusio wataalamu tujihadhari zaidi.

4. UCHUNGUZI NA MATIBABU

Mtu mwenye vipele vya usaha kichwani visivyokoma aende zahanati au kituo cha afya, na aombe rufaa kwa mganga wa magonjwa ya ngozi. Katika nchi yetu, tangu mwaka 1992 kiko kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi. Wengi waliosomea hapo wanatumika katika hospitali mbalimbali za Tanzania na za nchi nyingine za Afrika.

Mganga atautazama ukingo wa upara, atachukua usaha kidogo ili kujua ni bakteria gani, na atakwangua magamba ili kuhakikisha si kuvu. Huenda akakata kipande kidogo cha ngozi, baada ya kuitia ganzi, kipimwe maabara. Kipande hicho hukatwa ukingoni ambako ugonjwa bado uko hai, si katikati palipokwisha kuwa kovu. Mgonjwa asiogope; kidonda chake ni kidogo na hupona upesi.

Dawa zipo. Wengi huanzishiwa vidonge kama doksisaiklini kwa miezi kadhaa, pamoja na dawa za kupaka za kutuliza uvimbe. Wengine hupewa rifampisini pamoja na klindamisini, kwa kawaida kwa majuma 10. Wengine hupewa dapsoni. Hapa natoa maonyo matatu.

Kwanza, wasomaji wengi wanajua kwamba rifampisini ni dawa ya kifua kikuu, na kwamba rifampisini na dapsoni hutumika kutibu ukoma. Mtu akionekana na vidonge hivyo, msikimbilie kusema ana ukoma au kifua kikuu. Dawa moja yaweza kutibu magonjwa mengi, kama jembe moja lilimavyo mahindi na maharage.

Pili, asiwepo mtu wa kuomba vidonge vilivyobaki kwa jirani aliyetibiwa kifua kikuu. Rifampisini ikitumiwa ovyo huwafanya vijidudu vya kifua kikuu kuwa sugu, na hilo ni hatari kwa nyumba nzima. Tena hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na hugeuza rangi ya mkojo kuwa nyekundu au ya machungwa. Dapsoni nayo yaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu fulani wa kurithi, ambao wako wengi katika nchi zenye malaria. Kwa hiyo damu hupimwa kwanza.

Tatu, mama mjamzito au anayetazamia kupata mimba amwambie mganga mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa za ugonjwa huu zaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Yatupasa kusema kweli: ugonjwa huu hutulizwa, lakini mara nyingi hurudi dawa zikiachwa, na hutaka kufuatiliwa kwa miaka. Matibabu hayaoteshi nywele mahali palipo na kovu. Kazi yake ni kuzuia moto usiendelee, ili nywele zilizobaki zisalie. Ndiyo sababu kila mwezi wa kuchelewa una gharama yake. Mgonjwa apigwe picha ya utosi kwa simu kila mwezi, katika mwanga ule ule, apate kuona kama upara umesimama au unatanuka, na amwonyeshe mganga.

Mambo ya kuacha kabisa ni haya: kupaka mafuta ya taa, maji ya betri au majivu ya moto; kukamua vipele; kuchanganya krimu za dukani bila kuulizwa ugonjwa; na kutumia wembe mmoja watu wawili. Anayenyolewa kwa mashine ahakikishe imesafishwa, na asinyolewe mpaka kwenye ngozi wakati vipele vimechachamaa.

5. KUHANI ALIYETAZAMA MARA MBILI

Sasa tufungue Walawi 13. Wengi huiruka sura hii kwa kuwa imejaa habari za magonjwa ya ngozi. Lakini angalieni jinsi kuhani alivyoagizwa kumshughulikia mtu mwenye pigo la kichwani. Hakuambiwa atoe hukumu kwa kumwona kwa mbali. Aliambiwa atazame. Asipokuwa na hakika, angoje siku saba, atazame tena. Akiwa bado hana hakika, angoje siku saba nyingine. Hata rangi ya unywele aliipima, na unywele mweusi ukiota tena, mtu yule alitangazwa kuwa safi.

Kisha fika mstari wa 40 na wa 41. Hapo Sheria inasema wazi kwamba mtu aliyeanguka nywele akawa na upara, mtu huyo ni safi. Upara peke yake haukuwa unajisi katika Israeli. Basi nani ametupa sisi ruhusa ya kuufanya kuwa unajisi?

Twajua pia kwamba sura hiyo hiyo iliagiza wengine wakae nje ya kambi, nasi hatufichi jambo hilo. Lakini katika Marko 1 Bwana wetu alikutana na mtu wa namna hiyo, akamfanyia jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: alinyosha mkono akamgusa. Angeweza kumponya kwa neno tu. Alimgusa kwanza, kabla hajawa safi.

Wapo wanaotumia maneno ya Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 11, kuhusu nywele za mwanamke na utukufu wake, ili kumwonyesha mama mwenye upara kwamba amepungukiwa. La hasha. Paulo alikuwa akiwafundisha Wakorintho utaratibu wa ibada. Hakuwa akiwahukumu wagonjwa. Na Bwana Yesu aliposema habari za nywele zilizohesabiwa, hakuwa akiwasifu wenye nywele nyingi. Alikuwa akiwatia moyo watu wenye hofu. Yeye azihesabuye zilizopo anazijua pia zilizopotea.

6. WAJIBU WETU

Kwa walimu wa Kipaimara: msimlazimishe mtu kuvua kilemba mbele ya watu. Mwulizeni faraghani, na kasisi aelezwe kwa ruhusa yake mwenyewe.

Kwa akina mama wa chama: mwenzenu akihamia benchi la nyuma, mfuateni nyumbani. Msiende na mahubiri. Nendeni na swali.

Kwa wanaume: ugonjwa huu huwapata ninyi pia, nanyi huuficha chini ya kofia na kusema ni vipele vya kinyozi. Vipele vya kinyozi visivyokoma kwa miezi miwili si vya kupuuzwa.

Kwa wazazi: watoto wanaomcheka mtu mwenye upara wafundishwe. Hata nabii Elisha alichekwa kwa upara wake, na habari hiyo haikuwaishia vizuri waliocheka.

Mama yule tuliyemtaja alifuatwa na jirani yake, mwanachama mwenzake. Jirani hakumwuliza kwa nini hukuja kanisani. Alimwuliza, "Dada, unaumwa wapi?" Wakakaa kimya kwa muda, kisha mama akafungua kilemba. Juma lililofuata walikwenda hospitali pamoja kwa basi la alfajiri. Matibabu yalichukua miezi mingi. Vipele vilikoma, kuwashwa kukaisha, na upara ukasimama ulipokuwa. Utosini nywele hazikuota, wala hazitaota. Kipaimara kilipofika tena, alikuja. Askofu alikuwa ameelezwa. Akaweka mikono yake miwili juu ya kichwa kile, kama alivyowafanyia wengine wote, wala hakuharakisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya upara ambao nywele zake zaweza kurudi na ule wenye kovu?
2. Ni dalili zipi zingekufanya umshauri mtu aende hospitali upesi?
3. Kuhani wa Walawi alitazama, akangoja, akatazama tena. Sisi hufanya nini tunaposikia habari za ugonjwa wa jirani?
4. Je, katika mtaa wetu yuko mtu aliyehamia benchi la nyuma? Nani atamfuata juma hili?

SALA

Ee Mungu Baba yetu, unayetujua kabla hatujajieleza, uwakumbuke wote wanaojificha kwa sababu ya ugonjwa wa mwili. Uwape waganga macho ya kuona, uwape wagonjwa saburi ya kumaliza dawa, nasi utupe mikono isiyoogopa kugusa na midomo isiyoharakisha kuhukumu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.